Agrafe ya piano imekatikia ndani, tuichomelee?

SWALI: Fundi shikamoo. Piano ya kanisani kwetu, ile kubwa ya kulala, juzi kwenye mazoezi ya kwaya ililia paa! nikafunua nikakuta kile kidude cha shaba njano chenye matundu matatu ya kupitishia nyuzi kimekatika shingo, kichwa kinaning'inia kwenye nyuzi na mguu umebaki ndani ya fremu. Jamaa wa gereji anasema achomelee nati juu yake aizungushe itoke, kama anavyotoa bolti za injini. Tumruhusu?
Mwalimu wa kwaya, Moshi

JIBU: Marahaba mwalimu. Jamaa mwambie asante ila mashine ya kuchomelea ibaki gereji. Fremu ya piano ni chuma cha kumimina, hakipindi, kinapasuka, na nyuzi zote kwa pamoja zinaivuta kwa tani 15 hadi 20 hivi, sasa ukipasha moto sehemu moja huku inavutwa hivyo ufa ukitokea ndo basi tena, piano imekwisha.

Hicho kidude ni agrafe, alikibuni Érard, mtengeneza piano wa Paris, mwaka 1808, kazi yake kuzuia uzi usirushwe juu nyundo ikiugonga kutoka chini. Kwanza vaa miwani, legeza nyuzi za noti hiyo taratibu, uzitoe bila kuzikata. Halafu funika pini za kutunia na ubao wa sauti kwa kitambaa maana shaba haishikwi na sumaku, chenga zikiingia mle utazitoa kwa vakyumu tu.

Piga sentapanchi, ile ncha ya chuma ya kuwekea alama, katikati kabisa ya kishina, yaani ule mguu uliobaki ndani ya fremu, kisha toboa polepole kwa biti ya kushoto, ile inayokata ikizunguka kinyume. Mara nyingi hata hujamaliza kutoboa kishina kinajifungua chenyewe na kupanda na biti, maana kichwa kikishakatika hakuna tena kinachokikaza. Izi-aut, ile ya kung'olea bolti zilizokatika, mimi siipendi hapa, inatanua shaba ikabana zaidi, na ikikatikia ndani ni chuma kigumu hakitoboleki, utalia.

Mpya inunuliwe kwa kupima ya zamani: thredi, urefu, idadi na nafasi ya matundu. Usikisie thredi, piano za Marekani zina za inchi na nyingine zina za milimita, karibu zinalingana ila haziingiliani! Ifunge kwa mkono mpaka ikae, kisha ikaze kidogo, mwisho lazima itazame nyuzi sawasawa. Ikigoma kabla haijanyooka usiilazimishe, hivyo ndivyo shingo zinavyokatika, bora uchonge kidogo sana chini ya bega lake, pale inapokalia fremu. Ikipitiliza weka washa nyembamba ya shaba.

Nyuzi zikirudi, noti hiyo itashuka shuka kwa wiki kadhaa, itunini tena na tena. Na agrafe ya pili ikikatika karibuni anzeni kuchanga hela, seti nzima itakuwa imechoka.