Manyoya ya jogoo wa kienyeji kufungia chambo

Umeuliza kama manyoya ya jogoo wa kienyeji yanafaa kufungia chambo cha bandia, yaani kuyafunga kwa uzi kwenye ndoano yafanane na mdudu au samaki mdogo. Yanafaa kabisa ndugu, usihangaike kuagiza ya nje. Hata yale yanayouzwa nje kwa kazi hii ni ya jogoo, wapo wanaofugwa kwa ajili ya manyoya tu. Chukua ya shingoni na yale ya kiunoni yanayoning'inia karibu na mkia: marefu, membamba, yanang'aa.

Usitupe ya tetea lakini. Ya jogoo ni magumu na hayanywi maji upesi, ndiyo maana hufungiwa chambo cha kuelea, kile cha kuiga mdudu juu ya maji. Ya tetea ni laini, yanalowa, yanazama na kuchezacheza. Mimi nafunga chambo changu jioni hapa Ujiji kwa kupenda tu, na kwa mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, nachanganya yote mawili, meupe matupu, na uzi mmoja wa fedha wa kutarizia ubavuni. Mgebuka anakula dagaa, na dagaa anamemeta, kwa hiyo rangi ina maana kuliko aina ya kuku.

Osha kwa sabuni kwanza, anika kivulini. Uzi wa cherehani unatosha, ila uvute ukaze kila mzungusho, na fundo la mwisho ulipake rangi ya kucha isiyo na rangi, la sivyo linafumuka samaki wa pili tu. Akiba ifunge kwenye chupa yenye kifuniko, wadudu wanayatafuna manyoya vibaya sana.