Jibu: AI kuendesha REAPER, inawezekana ila anza kidogo

Ndugu yangu wa Bukavu, nimeelewa: umerekodi kwaya mu REAPER, ile programu ya kurekodi na kupanga muziki mu kompyuta, sasa unataka kuandikia AI tu "punguza besi kwa traki zote za gitaa" na yenyewe ifanye. Inawezekana, watu wanapitia MCP, ile njia ya kuunganisha AI na programu zingine yenye kampuni Anthropic ilitoa mwisho wa 2024: kaprogramu kadogo kanakaa mu mashini yako katikati ya AI na REAPER. Lakini mimi singeanzia pale. REAPER inasoma skripti (maagizo ya kuandikwa) za Lua, luga moja ya kuandika programu, basi omba AI ikuandikie moja ya kupanga majina na rangi za traki, uibandike mu dirisha ya ReaScript, pale REAPER inaandikiaka skripti, ufinye Ctrl+S, inatembea, na hata mega za internet zikiisha skripti inabakia yako.

Jua pia kwa njia hii AI haisikie sauti, inaona paka majina na namba, soprano ikipasuka ni masikio yako njo itajua.

Hifadhi kopi ya projeti kwanza juu skripti inaweza kufuta traki, na Ctrl+Z hairudishe kila kitu. Kaprogramu ka MCP ka mtu usiyemujua, usikafungue hivi hivi, kanaweza kugusa mafaili yako yote, tafuta fundi wa programu akaangalie. Na kazi ya mteja mwenye ameshalipa, aa, usijaribie pale.