Starlet yenye turbo: nitajuaje kama nguvu imezidi gari?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Starlet ya 1997. Nilitoa injini yake ya kawaida ya 1300 nikaweka ya turbo iliyotoka kwenye Glanza, ile Starlet iliyotoka kiwandani na turbo. Sasa nikikanyaga mafuta gia ya pili usukani unavutwa upande, na tairi za mbele zimekwisha ndani ya miezi minne. Rafiki yangu anasema nguvu imezidi gari. Nirudishe injini ya zamani? – Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba. Injini uliyotoa ilikuwa na nguvu za farasi 85 hivi. Uliyoweka inatoa 135 kama presha ya turbo, yaani ya hewa inayosukumwa ndani ya injini, haijachezewa. Gari ni lile lile, halifiki hata tani moja. Rafiki yako hajakosea, ila dalili ulizotaja si zile zinazonitia hofu.

Starlet inavutwa na magurudumu ya mbele, na hayo hayo ndiyo yanayokata kona. Ukikanyaga mafuta, pua inanyanyuka, uzito unarudi nyuma, na tairi za mbele zinapoteza mshiko pale pale unapozitaka zishike. Shafti zake nazo, moja fupi na nyingine ndefu, hazivuti sawasawa, ndiyo maana usukani unakwenda upande. Tairi zipapase kwa kiganja. Zikiwa zimelika uso mzima, hiyo ni nguvu. Zikiwa zimelika ukingo wa ndani tu, usiisingizie injini, kapime alaimenti, yaani mkao wa magurudumu.

Klachi ijaribu mlimani: weka gia ya nne, kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko ya injini ukipanda ghafla na mwendo usiongezeke, klachi inateleza.

Sasa breki, ambazo hukuziuliza kabisa. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 120, mwendo umeongezeka nusu tu, lakini kazi ya kulisimamisha gari inakuwa zaidi ya mara mbili. Zamani Starlet yako ilichelewa kufika 120, siku hizi inafika kabla hujamaliza kulipita lori. Wewe wa Iringa unaujua mteremko mkali wa Kitonga. Ukimaliza kuishuka, simama mahali salama, inama karibu na gurudumu la mbele bila kugusa chochote. Ukisikia harufu kali ya kuungua, ukaona diski imepata rangi ya buluu, au pedali ilikuwa ngumu mguuni na gari halipungui mwendo, basi nguvu imezidi gari, hata kama usukani umetulia.

Toyota walipotengeneza Glanza hawakuongeza turbo peke yake; waliipa pia breki kubwa zaidi za mbele. Mafundi wengi huchukua injini na kuacha breki kwenye gari la mtumba ilikotoka, na hilo linaniuma kila nikifungua boneti.

Injini usiirudishe. Tafuta kalipa (vibano vya pedi za breki) na diski za mbele za Glanza, badilisha mafuta ya breki yote uweke DOT 4, aina inayostahimili joto zaidi kuliko DOT 3, kisha nunua tairi nzuri, mbili za mbele zikiwa aina moja. Hakikisha presha ya turbo iko kiwango cha kiwandani. Na kadi ya gari ina namba ya injini ya zamani. Kama hujabadilisha, kabadilishe, maana ajali ikitokea bima wanaweza kukusumbua. Hadi breki zifungwe, Kitonga ishuke kwa gia ya pili, taratibu, hata malori yakikupigia honi.