Maswali na Majibu: Hewa ya Sayari za Mbali

Leo tunajibu maswali ya wasomaji wa Mwanza na Ukerewe kuhusu sayari kubwa zinazozunguka nyota nyingine.

Hewa ya sayari ambayo hakuna aliyeifikia inajulikanaje? (Msomaji, Igoma)

Hujulikana kwa nuru inayopungua. Simama Kirumba usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa wamewasha taa ziwani, kisha uitazame taa moja kupitia moshi wa jiko la anayekaanga samaki ufukweni: mwanga unakufikia, lakini umefifia na kuwa mwekundu kidogo, nawe unautambua moshi kwa badiliko hilo. Vivyo hivyo, sayari inapopita mbele ya nyota yake, sehemu ndogo ya nuru ya nyota hupenya kwenye ukingo wa angahewa ya sayari hiyo, na kila gesi hunyonya mawimbi yake maalumu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni WASP-39b, sayari iliyo umbali wa miaka nuru 700 hivi (mwaka nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), yenye uzito unaokaribia ule wa Zohali na joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi. Mwaka 2022 darubini ya James Webb iliona nuru ikipungua kwenye mawimbi ya urefu wa maikromita 4.3 (maikromita ni sehemu ya milioni ya mita), ambayo hunyonywa na kaboni dioksidi. Baadaye ikatambuliwa salfa dioksidi, gesi ambayo huko hutokana na mwanga wa nyota kuvunja molekuli za angahewa. Kwangu ugunduzi huu wa pili ndio mzito zaidi, kwa kuwa ulituonyesha kemia ikiendelea, wala si orodha ya gesi tu.

Kwa nini Webb hutazama infraredi? (Mwalimu, Nansio)

Infraredi ni mwanga usioonekana kwa macho, ambao ngozi huuhisi kama joto mtu akiuweka mkono kando ya jiko la mkaa. Maji, methani na kaboni dioksidi huacha alama zao zilizo dhahiri zaidi humo.

Je, zipo sayari zilizopigwa picha? (Msomaji, Nyakato)

Zipo, ingawa ni chache. Nyota HR 8799, umbali wa miaka nuru 130 hivi, ina sayari nne zilizopigwa picha. Ni changa, na bado zina joto la kuumbwa kwake, ambalo huzifanya zing'ae kwa infraredi.

Darubini kama Webb haiwezi kujengwa Kapripoint? (Mwanafunzi, Ilemela)

Kwa kazi hii, hapana. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake imejaa mvuke, na mvuke hunyonya infraredi ileile tunayoihitaji. Tungekuwa tunatafuta maji ya sayari ya mbali kupitia maji ya Ziwa Victoria. Ndiyo maana darubini za ardhini huwekwa mahali pa juu na pakavu, kama mlima Mauna Kea huko Hawaii au jangwa la Atacama huko Chile, na Webb ikapelekwa angani kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Huko kioo chake cha mita 6.5, kilichopakwa dhahabu, hukaa kwenye kivuli cha kinga ya jua yenye tabaka 5, kwa sababu chombo chenye joto hutoa infraredi yake chenyewe. Hata hivyo, vipimo vya Webb vya WASP-39b viko wazi kwa umma, na mwanafunzi wa Ilemela mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuvipakua na kuitafuta mwenyewe alama ya maikromita 4.3.