Gome la mutuba na karatasi ya Wachina

SWALI: Mwalimu, salamu. Babu yangu hutwanga gome la mti wa mutuba na kutengeneza lubugo, nguo yetu ya gome. Shuleni tumesoma kwamba Wachina walipata karatasi kwa kutwanga gome la mti. Mbona basi sisi hatutajwi? Na je, Cai Lun ndiye wa kwanza kweli?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Masaka, Uganda

JIBU: Mwanangu, swali lako limenifurahisha sana. Nimefundisha kazi za mikono miaka mingi, na lubugo na karatasi zote nimezishika mbichi. Kinachozitenganisha ni maji.

Babu yako hubandua gome msimu wa mvua, akaligonga kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi lipanuke na kulainika. Hata hivyo linabaki gome lile lile, nyuzi zimeshikana kama zilivyoota mtini. Fundi wa karatasi huuvunja mshikamano huo. Huchemsha gome, huliponda mpaka nyuzi ziachane, huzimwaga kwenye pipa la maji, kisha huzamisha chekeche na kuliinua taratibu. Maji huchuruzika, nyuzi hulala ovyo ovyo juu ya chekeche, na zikikauka hushikana zenyewe bila gundi. Hapo ndipo ugunduzi ulipo. Hata mafunjo, yale yanayojaa vinamasi vyetu, Wamisri wa kale waliyakata vipande vyembamba, wakavipanga tabaka mbili zinazokingamana na kuvigandamiza wapate pa kuandikia. Nyuzi hazikuachanishwa, kwa hiyo si karatasi.

Lubugo haipungukiwi kitu kwa hilo. Ni nguo, na ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005.

Cai Lun alikuwa towashi katika jumba la wafalme wa Han ya Mashariki, ukoo uliotawala China. Mwaka 105 baada ya Kristo alimweleza mfalme njia yake ya kutengeneza karatasi kwa magome, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Lakini mwaka 1986, huko Fangmatan katika mkoa wa Gansu, kaburini kulipatikana kipande cha karatasi chenye mistari ya ramani, cha karne ya 2 kabla ya Kristo. Basi hakuwa wa kwanza. Mimi bado namheshimu mno, kwa sababu watu waliandika kwenye vipande vya mianzi, ambavyo ni vizito, au kwenye hariri, ambayo ni ghali, naye akaonyesha kwamba vitu vya kutupwa vinatosha.

Ukitaka kujaribu, uache mutuba wa babu. Tafuta mgomba uliokwisha kukatwa ndizi, ukatekate shina lake na ulichemshe kwa maji ya majivu ya kuni. Maji hayo huchoma ngozi, kwa hiyo mtu mzima awepo. Suuza vizuri, twanga, tia kwenye beseni la maji, kisha chota kwa wavu wa mbu uliowambwa kwenye fremu ya mbao. Karatasi ikitoka na mabonge, nyuzi hazijaachana, zirudishe kinuni.