Kuwatafuta vitukuu na vilembwe vya babu aliyehamia Kariakoo

Ndugu yangu, nimekuelewa: baba wa babu yako alitoka Kilwa, akahamia Kariakoo, akaoa wake watatu, nawe unaujua uzao wa mke mmoja tu.

Usianzie ofisini. Anzia kwa wazee, tena wiki hii hii, maana bibi wa miaka tisini si wa kuahirishwa. Mwombe ruhusa umrekodi kwa simu. Usimuulize mwaka, muulize tukio: "Uhuru wa 1961 ulikukuta umeshaolewa?" Na kila mtu mwandike pamoja na mama yake. Kwetu jina la pili ni la baba, kwa hiyo hubadilika kila kizazi, na akina Juma Salum wamejaa kila mtaa. Mimi nilipoteza miezi miwili nikifuatilia mtu asiye wetu kwa sababu sikujua jina la mama yake.

RITA, wakala wa serikali wa usajili Tanzania, wana kumbukumbu za vizazi na vifo, ila Waafrika wengi wa enzi za ukoloni hawakusajiliwa. Majalada ya mirathi mahakamani ndiyo yalinisaidia zaidi, kwani hutaja warithi.

Jiandae pia kushukiwa. Ukibisha hodi kwa ndugu usiowajua, watadhani unafuata nyumba. Waambie mapema unachotafuta, nenda na mzee wanayemheshimu, na usiweke picha au majina yao mtandaoni bila idhini. Likizuka suala la kiwanja au urithi, simamisha maswali yako, muone wakili kwanza.