Wadogo zangu wa kathilabu, macho yawe kwenye kinena

Wiki yangu ya kwanza kathilabu, chumba cha kutibia moyo kwa kupitisha vifaa kwenye mishipa, niliulizwa swali nikaliona la darasa la nne. Sista mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Tanga, alinionyesha boksi lililoandikwa 14, la shithi, ule mrija unaowekwa kwenye mshipa ili vifaa vipitie humo. Mgonjwa ana ateri ya paja ya milimita 5, akaniuliza, hii itaingia? Nilikuwa nimekariri kwamba Frenchi 3, kipimo cha mirija hii, ni milimita 1. Nikagawa 14 kwa 3 kwenye karatasi ya glavu, nikapata 4.7, nikajibu kifua mbele: inaingia, na nafasi inabaki.

Hakunibishia. Alitoa sampuli ya mafunzo, akaazima kalipa ya fundi wa vifaa tiba, akaibana shithi kwa nje. Kalipa ikasoma 6.

Wadogo zangu, shikeni hilo kabla ya yote. Namba ya katheta, mrija mrefu unaopita ndani ya shithi, ni unene wake wa nje. Namba ya shithi ni upana wake wa ndani, maana shithi husifiwa kwa kile inachopitisha. Unene wa ukuta hauko kwenye namba ile kubwa ya boksi, na mshipa wa mgonjwa unakutana na nje, si ndani. Kwa shithi zetu za kila siku, 6 na 7, kosa langu lisingemuumiza mtu. Kwa vifaa vya kubadilishia vali ya aota, mlango wa damu inayotoka moyoni, bila kupasua kifua, lingemuumiza.

Vali hiyo ya kupitishwa mshipani iliwekwa mara ya kwanza kwa binadamu na daktari Alain Cribier, mjini Rouen, Ufaransa, Aprili 2002. Vifaa vya miaka ile vilihitaji njia ya Frenchi 22 hadi 24, yaani milimita 7 mpaka 8 kwa ndani tu. Sasa mchukue bibi wa miaka 80, mwembamba, ateri yake haifiki milimita 6. Ndiyo maana wengi waliambiwa haiwezekani, au wakafunguliwa kifua pembeni ili vali ipitie ncha ya moyo.

Shithi inayotanuka ilikuja kutatua hilo. Mkiletewa sampuli, msiishie kuiangalia, ipitisheni vidoleni. Aina mojawapo ukuta wake umekunjwa kama sketi ya shule ya marinda. Marinda yakilala, shithi ni nyembamba. Vali iliyobanwa kwenye puto ikisukumwa ndani, marinda yanafunguka pale tu vali ilipo, kisha yanajikunja nyuma yake. Mshipa unavutwa kwa muda mfupi badala ya kukaa umetanuliwa kazi nzima. Ila marinda hayarudi yote kama mwanzo, kwa hiyo msidhani shithi inayotoka ni nyembamba kama ile iliyoingia. Kuna aina nyingine inayoingia nyembamba, halafu puto lililomo ndani yake linaitanua na inabaki hivyo.

Kabla ya kufungua boksi, ulizeni picha za sitiskani (CT scan) za mishipa. Chukua unene wa nje wa shithi, gawa kwa upana wa ateri. Kizingiti kinachotajwa sana ni 1.05, ukikivuka, hatari ya kuchana mshipa inapanda. Kwa hizi zinazotanuka, ulizeni pia unene uliotumika kwenye hesabu ni wa kabla ya kutanuka au baada. Nimeona watu wazima na shahada zao wakibishana nusu saa, kumbe kila mmoja ana namba yake. Halafu tazameni chokaa iliyoganda kwenye ukuta wa ateri. Ateri laini ya milimita 5.5 inavutika, yenye chokaa duara nzima ni bomba la chuma, haikupi hata nusu milimita. Na boksi likishafunguliwa halirudi stoo, kwa hiyo anayesoma picha asiwe na haraka.

Kuiandaa si kazi kubwa. Ipitishe maji yenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mpaka kusiwe na hata kiputo kimoja cha hewa, na ilowanishe nje, kwa sababu ule utando wa nje hautelezi ukiwa mkavu. Niliwahi kumkabidhi daktari shithi kavu. Ilikwama kwenye ngozi, akageuka akanitazama bila kusema neno, na sijarudia tena.

Pa kukaa sana ni kwenye kutoa. Vali ikikaa sawa chumba kizima kinapumua, kila mtu yuko kwenye skrini ya moyo, wengine wameanza kuvua glavu. Hapo ndipo wewe unatakiwa uwe kwenye kinena. Ateri ya nyonga inaweza kuwa imechanika tangu shithi inaingia na usione kitu, kwa sababu shithi yenyewe ndiyo kizibo. Presha iko vizuri, mgonjwa anaongea. Shithi ikivutwa, kizibo kimetoka, presha inaporomoka. Kwa hiyo waya unaoongoza vifaa usitoke mshipani mpaka daktari aridhike kwamba hakuna panapovuja. Puto la kuziba na stenti yenye kitambaa, kijibomba cha wavu cha kufunika palipochanika, viwe mkononi, si stoo, na damu iwe imeshaulizwa benki ya damu kabla, si baada.

Mtaniambia kazi zenu nyingi hapa Dar ni za namba 6. Sawa. Lakini puto la kupanulia vali ya maitro, mlango wa ndani upande wa kushoto wa moyo, kwa wagonjwa wetu wa homa ya baridi yabisi, linafunguliwa njia ya Frenchi 14 kwenye vena ya paja. Na hata hiyo namba 6 ina madhara yake. Shithi ikitoka, kubana ili damu isimame kunafanyika juu kidogo ya tundu la ngozi, kwa sababu sindano iliingia kwa mshazari na tundu la ateri liko juu zaidi. Nimewahi kumkuta kijana anabana kwa nguvu zake zote tundu la ngozi, pamba nyeupe kabisa, na uvimbe unakua chini ya vidole vyake.

Wekeni alama ya kalamu mahali mapigo ya mguu yanaposikika, kabla ya kazi kuanza, ili wa zamu ya usiku asiyemjua mgonjwa asiyatafute gizani. Mgonjwa akilalamika mgongo unauma upande mmoja, msimwambie ni kitanda. Pima presha hapo hapo, mwite daktari. Damu inaweza kuwa inamwagika nyuma ya tumbo na kinena kikaonekana kizuri tu.

Na mgonjwa wako mzee, saa moja baada ya shithi kutoka, atakuita kwa upole: mwanangu, naomba niende msalani mara moja tu. Mletee chombo kitandani.